MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J. P. Magufuli, ambalo limeunganisha Kigongo na Busisi juu ya ghuba ya Mwanza kwa urefu wa kilomita 3 hivi. Kabla ya siku hiyo msafiri wa Sengerema na Geita alikaa ukingoni akingoja kivuko, na mara nyingi kungoja kulikuwa kurefu kuliko kuvuka kwenyewe. Sasa gari lapita kwa dakika chache. Wengi wamekwisha kueleza faida ya daraja hili kwa mgonjwa, kwa mchuuzi wa samaki na kwa mwenye lori. Sisi leo twapenda kusema juu ya msafiri mwingine ambaye hajatajwa sana: mgeni aliyelala Mwanza, anayetaka kutoka asubuhi akaone mashamba na vijiji vyetu, kisha arudi kabla giza halijaingia. Mgeni huyo sasa aweza kufika Geita na kurudi siku hiyo hiyo. Na akishika barabara ya kusini, aweza kufika Shinyanga na kurudi vile vile.

Kwa hivyo yatupasa tujiulize mapema, kabla wageni hawajawa wengi: je, wataongozwa na nani, wataonyeshwa nini, na wakishaondoka kijiji kitabaki na nini?

Ziara ya siku moja vijijini si jambo geni duniani. Tutazame nchi moja rafiki. Wasomaji wetu wa makamo walilijua jina la Vietnam kwa habari za vita. Nchi yetu ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Vietnam tarehe 14 Februari 1965, majuma machache kabla ya Marekani kuanza kuipiga Kaskazini kwa mabomu mfululizo. Kijana wa leo wa Kahama huenda asiyajue hayo, lakini aijua Halotel, kampuni ya simu ya Wavietnam iliyofungua huduma zake hapa nchini mwaka 2015. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya watu wa mbali tusiowajua.

Huko Vietnam mgeni hutoka Ho Chi Minh City asubuhi, akapelekwa My Tho na Ben Tre katika delta ya mto Mekong. Hupanda mtumbwi akapita kati ya minazi, akaona peremende za nazi zikipikwa, akala chakula cha mchana kijijini, na jioni akarudi mjini. Mwingine aliyefikia mji wa Hoi An hupelekwa Tra Que, kijiji cha wakulima wa mboga, akapewa jembe na mikebe ya kumwagilia maji ajaribu mwenyewe. Mwezi Novemba 2024 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa liliiweka Tra Que katika orodha ya vijiji bora vya utalii duniani. Na Tra Que ina nini? Haina kasri wala simba. Ina matuta ya mboga, ina maji, ina mbolea ya magugu ya majini, na ina kazi ya mikono ya watu wake. Mkulima huyo amemwuzia mgeni jambo ambalo wengi wetu hulionea haya, yaani kulima.

Mwaka 2024 Vietnam ilipokea wageni zaidi ya milioni 17 kutoka nchi za nje. Sisi tulipokea milioni 2 na ushei. Hatusemi kwamba wingi ni ushindi. Twasema tu kwamba wageni wetu wengi huenda mahali pale pale: mbuga za kaskazini, mlima Kilimanjaro, na fukwe za Unguja. Filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa Aprili 2022, iliwafungua macho wengi ng'ambo, na sifa zake twazijua. Lakini mwananchi wa Kishapu, wa Bukombe na wa Nyang'hwale akiuliza fungu lake katika wageni hao milioni 2, hatuna jibu la kumpa. Basi za masafa zapita kwake usiku, na vioo vimefungwa.

Wako watakaosema: afadhali iwe hivyo. Na hoja yao si ya kudharauliwa, kwa maana ina historia yake katika nchi hii. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, ulizuka mjadala mkali magazetini mwetu juu ya utalii na ujamaa. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza kama taifa linalojenga usawa laweza kuifanya kazi ya kuwatumikia matajiri wa nje kuwa nguzo ya uchumi wake. Hoja za pande zote zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Waliohofia utalii waliogopa mambo mawili: kwamba fedha ingerudi kule kule ilikotoka, na kwamba mwananchi angejifunza kujiona kwa macho ya mgeni, akawa mcheza sarakasi katika nyumba yake mwenyewe.

Miaka zaidi ya hamsini imepita, na hofu zote mbili zingali hai. Walakini hatuamini kwamba dawa yake ni kufunga mlango. Dawa yake ni mwenyeji kushika ufunguo. Twasema hivyo kwa sababu Shinyanga na Geita zina mambo ya kuonyesha ambayo ni mafunzo kwa dunia nzima, na mafunzo hayo hayawezi kuelezwa na mtu mwingine isipokuwa wale waliyoyapata kwa jasho.

Tuanze na Shinyanga. Mgeni akipita katika wilaya zake wakati wa kiangazi, ataona nchi tambarare, vumbi, ng'ombe, na hapa na pale kipande cha kichaka kilichozungukwa na mashamba makavu. Asiye na mwongozaji atadhani kichaka kile ni pori lililosahauliwa. Kumbe ndiyo ngitili, na ndani yake mna habari kubwa kuliko habari za mbuga nyingi.

Ngitili ni malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi, ili mifugo isife nyasi zinapokwisha mahali pengine. Wasukuma waliifahamu hekima hii tangu kale. Lakini katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya uongozi wa Swynnerton, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa idara ya mbung'o, iliwakusanya watu kwa maelfu kufyeka misitu ya Shinyanga ili kumfukuza mdudu huyo. Mbung'o alirudi nyuma, na miti ilikwenda naye. Kisha ikaja pamba, ikataka ardhi zaidi. Kisha, na hili lazima tuliseme wenyewe bila kungoja mgeni atuambie, ikaja Operesheni ya Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975. Familia zikahamishwa, na ngitili walizozitunza zikabaki nyuma bila mwenyewe. Nia ilikuwa njema, lakini ngitili haikujua nia. Ilijua tu kwamba mlinzi wake hayupo.

Katika miaka ya 1980 Mwalimu Julius Nyerere alizuru mkoa huo, akaona hali yake, akauita Jangwa la Tanzania. Twawaomba wasomaji walitafakari jambo hilo. Ziara ile ingeweza kuwa kama ziara nyingine: mawe yakapakwa chokaa, ng'ombe wanono wakasogezwa kando ya barabara, ngoma zikapigwa, kiongozi akapongeza, akaondoka. Lakini yeye aliona jangwa na akasema jangwa. Ndipo mwaka 1986 ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wananchi waliuita HASHI. Wataalamu walianza kwa kuwahimiza watu kupanda miche, na baadaye wakatambua kwamba wenyeji walikuwa tayari na maarifa bora. Kazi ikawa kuwarudishia wanavijiji mamlaka juu ya ngitili zao, na kuziacha sheria zake mikononi mwa dagashida, yaani baraza la jadi, zikithibitishwa na halmashauri ya kijiji.

Matokeo yake yajulikana. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulijumuisha pia wilaya zilizo katika Simiyu ya leo. Uchunguzi uliotoka mwaka huo wa 2004 ulikadiria kwamba kuni, nyasi, asali, dawa, uyoga na mazao mengine ya ngitili vilimpatia kila mtu thamani ya dola 14 hivi kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Hiyo ndiyo habari ya kumsimulia mgeni. Atoke kwake Ulaya, ambako husikia kila siku kwamba Afrika inageuka jangwa, aje asimame chini ya mti na kuambiwa na mzee wa Kisukuma: hapa palikuwa jangwa, nasi tumeliondoa.

Nasi twasema kwamba ziara ya Mwalimu yatufundisha kanuni ya ziara zote. Ziara inayoonyesha kidonda humponya mwenyeji. Ziara inayokifunika humwacha na usaha. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Sasa tuvuke daraja twende Geita. Mkoa huu uliundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, lakini historia yake ni ndefu kuliko umri wake. Kuanzia mwaka 1954 wakoloni walipiga TANU marufuku huko Usukuma, na marufuku hiyo iliendelea hadi mwaka 1958. Mwaka huo huo wa 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya la rangi zote, ambalo liliwekwa juu yao bila ya ridhaa yao. Walikwenda Mwanza kwa maelfu, wakulima wa pamba na wafugaji, kumkabili mkuu wa jimbo. Askari waliwatawanya, lakini mwishowe mpango huo uliachwa. Leo watoto wa wakulima wale wapita darajani kwa basi kwenda Mwanza. Je, ni wangapi wao waijuao habari hiyo? Na mwongoza watalii akiulizwa na mgeni, Geita kuna nini zaidi ya dhahabu, atajibu nini?

Dhahabu nayo ina mengi ya kusema. Watu wengi hudhani kwamba mgodi mkubwa wa Geita ulizaliwa mwaka 2000, ulipoanza mgodi huu unaoendeshwa na AngloGold Ashanti. La. Geita ilikuwa na mgodi tangu mwaka 1936, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki wakati wake. Nao ulifungwa mwaka 1966. Yaani Geita imekwisha kuona mara moja jinsi king'ora cha zamu kinavyonyamaza. Na upande wa Kahama, mgodi wa Buzwagi ulioanza uzalishaji mwaka 2009 uliufikia mwisho wake mwaka 2021. Miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa siku mgodi ulipofunguliwa alikuwa bado shule ya msingi ulipofungwa.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Dhahabu haioti tena ikichimbwa. Mpunga huota, pamba huota, mti wa ngitili huchipua ukiachwa. Wafanyakazi wa migodi na wenye maduka, gereji na nyumba za kulala wageni waliojengwa na migodi wanajua kwamba siku moja wataulizwa: sasa mtakula nini? Hatudai kwamba ziara za vijijini zitajaza pengo la mgodi. Anayesema hivyo anawadanganya wananchi. Twasema kwamba ni mojawapo ya shughuli chache zisizohitaji mtaji mkubwa, zisizoimaliza ardhi, na ambazo mkulima aweza kuzifanya bila kuacha kulima. Lakini itakuwa hivyo kwa masharti.

Sharti la kwanza ni ukweli. Tuseme mgeni amefika Nyarugusu au Rwamgasa, akataka kuona wachimbaji wadogo. Ataoneshwa duara, yaani shimo la kuchimbia. Ataoneshwa karasha inayosaga mawe, na mwalo unakooshewa mchanga. Mambo hayo ni ya kuvutia machoni. Lakini mwongozaji mkweli atamweleza pia juu ya zebaki inayotumika kunasia dhahabu, jinsi mvuke wake unavyoingia katika mapafu na jinsi maji yake yanavyofika visimani. Na kwamba nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Atamsimulia habari ya Nyangalata, wilayani Kahama, ambako mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Atamwambia kwamba mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili mgodi mkubwa uingie. Na akimpeleka Mwadui, kwenye almasi iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, asimwambie tu juu ya almasi ya waridi aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake mwaka 1947. Amwambie pia kwamba Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulivunjika, na tope likafunika mashamba na makazi ya wanavijiji jirani.

Wengine watatuuliza, je, hayo hayatamkimbiza mgeni? Tunajibu kwamba mgeni wa Vietnam hupelekwa Cu Chi, akaingia katika mashimo ambamo watu walijificha na kupigana chini ya mabomu, na huenda huko kwa wingi kuliko aendavyo mahali pengi pa starehe. Watu wa huko hawakuificha adha yao. Waliieleza wenyewe, kwa maneno yao, na mgeni akaondoka na heshima.

Sharti la pili ni kwamba mtu si kitu cha kutazamwa. Mikoa yetu hii imepata aibu kubwa kwa mauaji ya watu wenye ualbino na ya vikongwe waliosingiziwa uchawi. Kuanzia mwaka 2006 mauaji ya wenzetu wenye ualbino yalitisha dunia, na Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kosa hilo. Mambo haya yaelezwe na yasifichwe. Lakini haifai kamwe mgeni wa saa moja aletwe kuwatazama na kuwapiga picha watoto walionusurika, eti apate huruma atoe sadaka. Vivyo hivyo mgonjwa kitandani, mwanafunzi darasani wakati wa somo, na mchimbaji aliye ndani ya duara. Anayetaka kusaidia aende ofisini apokewe kwa utaratibu. Mtoto wa mwenzio si ndege wa kizimbani.

Nalo neno hili lafika hadi kwenye ngoma. Usukuma ni nchi ya ngoma. Vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya kumi na tisa. Bugobogobo huchezwa kwa majembe, nayo ilizaliwa shambani kuwatia watu moyo wa kulima. Mashindano ya Bulabo hufanyika mwezi Juni, wakati mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Na pale Bujora, karibu na Kisesa, yako Makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padre David Clement. Ngoma ina majira yake, kama pamba ilivyo na majira yake. Mgeni atakaye ngoma aje mwezi Juni aione mahali pake, na mshangilio wake wa kweli. Akija Novemba aonyeshwe jembe la kukokotwa na ng'ombe likichana ardhi ya kwanza. Akija Machi aonyeshwe majaruba ya mpunga. Akija Agosti aonyeshwe mama akianika michembe juu ya mwamba na ngitili ikifunguliwa kwa mifugo. Kumkusanya mchezaji saa sita mchana, katikati ya palizi, avae njuga kwa ajili ya watu wanne walioshuka garini, ni kuiharibu ngoma na ni kuliharibu shamba.

Sharti la tatu, na ndilo zito, ni fedha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mgeni analipa mjini shilingi 200,000 kwa siku moja. Humo mna gari na mafuta, mna ujira wa dereva na wa mwongozaji, mna kodi, mna faida ya mwenye kampuni. Vyote hivyo ni halali. Lakini kijiji kilichompokea, kikampikia, kikamtembeza katika ngitili iliyolindwa kwa miaka thelathini, kitapata nini? Kikipata soda moja na asante, basi hofu ya vijana wa 1970 imetimia. Tukumbuke kwamba mchimbaji mdogo wa Geita aliibiwa kwa miaka mingi katika mizani ya walanguzi, hata lilipofunguliwa soko la dhahabu la Geita mwezi Machi 2019, ambako dhahabu yapimwa hadharani na bei yajulikana. Utalii wa vijijini nao wahitaji mizani yake ya hadharani.

Mizani hiyo si ya kubuniwa upya. Mwaka 1995 ulianzishwa nchini mpango wa utalii wa utamaduni, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, na vijiji kama Ng'iresi na Mto wa Mbu huko kaskazini vikaanza kuwapokea wageni chini ya waongozaji wao wenyewe, sehemu ya malipo ikitengwa kwa maendeleo ya kijiji. Utaratibu huo ufuatwe Shinyanga na Geita, na uboreshwe. Bei iandikwe ubaoni kwa Kiswahili. Mwongozaji awe mzaliwa au mkazi wa kijiji, awe amefundishwa historia, lugha na huduma ya kwanza. Mpishi, dereva na mchezaji walipwe kwa makubaliano yaliyoandikwa, kama mfanyakazi mwingine yeyote mwenye haki zake, wala wasiachiwe bahashishi ya mgeni peke yake. Na hesabu zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, ili hata bibi aliyeuza mahindi ya kuchoma ajue ni wageni wangapi waliokuja na fedha yao imefanya nini.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hawana haja ya kufundishwa jambo hili kutoka nje. Ni wao walioanzisha vyama vya ushirika baada ya kuchoshwa na mizani ya wanunuzi. Na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikawa nguvu iliyotikisa biashara ya pamba. Tunajua pia jinsi ushirika ulivyodhoofishwa baadaye na uzembe na wizi wa watu wetu wenyewe. Mafunzo yote mawili, la ushindi na la anguko, ni mali ya kijiji kitakachofungua mlango wake kwa wageni.

Mwisho twataka kusema na wanachama wenzetu. Katika matawi yetu wako watakaoona kwamba wageni wanakuja na kufikiri kwanza juu ya nafasi yao binafsi: kiongozi atajifanya dalali, mwingine atataka gari la wageni lipite kwa shemeji yake. Jambo hilo likianza, litakufa lenyewe na kutuachia uadui. Kazi ya tawi ni kuhakikisha kwamba mkutano wa kijiji umekaa na kuamua kwa hiari: kwamba wageni waje au wasije, wafike wapi na wasifike wapi. Kijiji kinachokataa kina haki yake, na kisilazimishwe. Yaliyotokea kwa ngitili wakati wa kuhamishwa yatutosha kuwa somo.

Tena tujichunguze. Mtalii si mtu wa pekee anayezuru vijiji kwa siku moja. Viongozi nao huzuru, nao huongozwa. Ni mara ngapi tumeona barabara ikichongwa usiku kabla ya msafara, zahanati ikijazwa dawa za kuazima, na mwananchi mwenye swali gumu akisukumwa nyuma ya umati? Kijiji kilichozoea kumpamba kiongozi kitampamba mtalii pia, kwa maana ni tabia ile ile. Na kijiji kilichozoea kumwambia kiongozi kweli hakitashindwa kumwambia mgeni kweli. Tukitaka waongozaji wakweli, tuanze sisi kuwa wageni wanaotaka ukweli.

Daraja limekwisha kujengwa, na wageni watavuka. Kabla ya kiangazi kijacho, vijiji vinavyopenda kuwapokea viitishe mikutano, viwachague waongozaji wao, viandike bei zao ubaoni, na wazee waitwe wawasimulie vijana habari za mwaka 1958, za jangwa na za ngitili, kabla wazee hao hawajaondoka nazo. Halmashauri za wilaya zitoe mafunzo na ulinzi. Bodi ya Utalii iwafikie watu wa magharibi ya ziwa kama ilivyowafikia wa kaskazini. Wafanyakazi wa migodini, ambao wana mapumziko na wana watoto, wawe wageni wa kwanza. Haifai mtu afanye kazi Geita miaka kumi asijue kijiji kilicho nyuma ya ukuta wa mgodi.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji achekwe. Wala mgeni njoo, dalali anone. Sisi twamkaribisha mgeni kwa mikono miwili, na twataka jioni, gari lake likiisha kutoweka vumbini kuelekea darajani, mwenyeji aliyebaki mlangoni pake awe amepona kweli.